Mpwa Wangu Anafuga Mawe

Mimi sina ugomvi na Ujerumani. Wamisionari wa Berlin walipiga kambi Kidugala, hapa jirani, miaka ya 1890, wakatuachia makanisa, shule na desturi ya kuanza ibada kwa wakati, ambayo tumeshaisahau. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja tu aishiye Hamburg, naye wala si Mjerumani. Ni mtoto wa dada yangu, Mbena wa Mdandu hapa hapa, aliyekuja likizo ya Krismasi na mabegi mawili makubwa, na katika yote mawili hamkuwa na koti la mjomba.

Aliyezaliwa Wanging'ombe anaijua baridi yetu. Anajua Juni na Julai zinavyotunyoosha. Nilikuwa nimeshamwagiza mama watoto apigilie msumari ukutani wa kutundikia hilo koti. Badala yake nikakabidhiwa kiboksi cha plastiki chenye vichupa vya dawa, bomba la sindano lisilo na sindano, na kijiko ambacho hata mbu angeona kidogo.

"Hiki ni kipimo cha maji, mjomba," akasema, uso umejaa furaha. "Nimesikia una bwawa."

Bwawa ninalo, sikatai. Nilipostaafu ualimu wenzangu walinunua bodaboda wakawakabidhi vijana, na sasa wanawatafuta vijana na bodaboda zenyewe. Mimi nikachimba bwawa la mita 10 kwa 20 kule bondeni, nikapanda vifaranga vya perege. Mavuno yangu makubwa hadi leo ni ushauri. Hakuna anayepita njia ile ya bondeni asisimame kunishauri: mchunga ng'ombe, mwenye duka, mlevi anayetoka kwenye ulanzi, hata mtoto wa darasa la tatu aliyenieleza kwamba samaki wa kwao Ludewa wanakula vizuri kuliko wangu. Samaki wenyewe mama watoto aliwakaanga mara moja, akaniuliza kama dagaa siku hizi wanafugwa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni sifa. Mgeni anasimama ukingoni, anakunja mikono, anasema, "Mwalimu, hongera, maji yako masafi! Unaona mpaka chini!" Anadhani amenifurahisha. Mfugaji wa samaki akiambiwa maji yake yanaonyesha mpaka chini ametukanwa. Maji ya bwawa la perege yanatakiwa yawe ya kijani: uzamishe mkono mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo vidole vianze kupotea machoni. Ule ukijani ni vijimea vidogo vya majini, na ndio ugali wao. Maji yangu yalikuwa meupe, maji ya kubatizia. Nikamwaga samadi ya ng'ombe, nikamwaga samadi ya kuku, yakachafuka kwa tope siku mbili tatu, kisha yakatulia na kurudia usafi wake wa dharau.

Basi siku hiyo ya kiboksi, mpwa wangu akakaa vizuri kwenye kigoda, akatamka mbele ya mama yake mzazi: "Mimi pia nafuga, mjomba."

"Unafuga nini?"

"Matumbawe."

Dada yangu akaacha kupepeta mchele. "Yale mawe ya baharini?"

"Si mawe, mama. Ni wanyama. Mawe ni mifupa yao."

Dada yangu aliuza mahindi na ng'ombe wawili ili huyu kijana asomee uuguzi. Leo anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hamburg, kazi ya heshima, na hela anatuma. Lakini kusikia kwamba mtoto akitoka kazini anakwenda kuhudumia mawe, hilo halikuwa kwenye mipango ya familia.

Akatuonyesha picha. Ni tangi la kioo la lita 400, limekaa sebuleni kwake ghorofa ya tatu, taa ya buluu juu yake, na ndani, lazima niseme kweli, pana uzuri. Matawi ya zambarau, mengine ya kijani yanayong'aa, samaki wa rangi ya chungwa anatoka na kuingia. Bahari ameitengeneza mwenyewe: ananunua chumvi maalumu kwa ndoo, anachanganya na maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Matumbawe hayakuibwa baharini; wafugaji wenzake wanakatiana vipande na kupeana, kama sisi tunavyopeana marando ya viazi vitamu. Kipande kinabandikwa kwenye jiwe kwa gundi, kinaota.

"Na kinakula nini?" nikauliza, kwa sababu mfugaji hawezi kuacha kuuliza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mwaka, wangesema wenye haraka; mimi nasema nilitimiza wajibu wa mwenyeji. Jibu lilianza baada ya chai, likaisha taa zimezimwa.

Kwa kifupi, ni hivi. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa chokaa, kalsiamu kaboneti, na chokaa hiyo linaifyonza kutoka majini. Baharini hakuna shida: lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 400 na ushee za kalsiamu, na bahari ni kubwa, haiishiwi. Lakini kwenye kioo cha lita 400, matumbawe yakishakua yanamaliza akiba. Kalsiamu inashuka kidogo kidogo. Alkalini, yaani ile bikaboneti inayozuia maji yasichache, inashuka mbio. Ikishuka sana matumbawe yanaacha kukua, yanapauka, yanavuka ngozi, yanakufa. Kwa hiyo kila siku lazima urudishe kilicholiwa, wala si zaidi. Unaweza kurudisha kwa dawa za maji, kikombe cha hiki na kikombe cha kile. Au unaweza kufunga mashine ambayo Wajerumani waliieneza miaka ya 1990: riakta ya kalsiamu.

Riakta yenyewe ni bomba nene la plastiki angavu lililosimama wima, limejazwa vipande vya mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani. Pampu ndogo inazungusha maji ndani yake usiku na mchana. Pembeni pana mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi, regulata, koki nyembamba inayofunguka kwa unywele, na kichupa chenye maji ambamo unaiona gesi ikipita kiputo kimoja kimoja, uihesabu. Gesi ikiingia kwenye maji inazaa tindikali hafifu, ile ile inayokuchoma ulimi kwenye soda. pH ndani ya bomba inashuka mpaka kama 6.5, mawe yanaanza kuyeyuka, na maji yaliyoshiba chokaa yanadondokea kwenye tangi tone kwa tone. Matumbawe hai yanakunywa mifupa ya marehemu.

Dada yangu akainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Mimi nilibaki, kwa sababu jambo hilo lilinigusa pahali. Nikiwa kijana nilipangiwa kufundisha Kilwa, na kule niliona tanuri la chokaa: magogo yamepangwa kwa duara, juu yake rundo la matumbawe, moto unawaka mpaka kesho yake. Joto linaifukuza gesi kwenye jiwe, inabaki chokaa ya moto. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe na kuwa unga mweupe wa kujengea. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe hayo na chokaa hiyo, na Mji Mkongwe wa Zanzibar vilevile. Kwa karne nyingi watu wa pwani wamechoma matumbawe ili gesi itoke. Mpwa wangu yuko Hamburg analipa euro ili airudishe.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kikemia uko sahihi kabisa, mjomba," kwa sauti ya kumpongeza mtoto aliyefunga kamba za viatu. Kisha akaongeza kwamba watu walipoanza kung'oa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa walibomoa nyumba za samaki, na ndiyo maana leo imekatazwa, na kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995 kwa sababu za namna hiyo. Anayajua yote hayo. Kilichomshinda ni koti.

Nikamuuliza kuhusu gharama, akanitajia bei ya mtungi, ya regulata, ya bomba, ya kile kichwa cha kupimia pH kinachotakiwa kubadilishwa kila baada ya muda. Nikajumlisha kimoyomoyo kwa ng'ombe, nikaishia zizi zima. Na vitu vyenyewe, jamani, viko hapa! Nenda Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, barabara hii hii inayopita Makambako kwenda Zambia. Maji ya moto yanapanda kutoka ardhini yamebeba kaboni dioksaidi na chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu gesi inatoroka, chokaa inaganda tabaka kwa tabaka. Mlima mzima wa mawe ya chokaa umejengeka hivyo. Kiwanda cha saruji kimejengwa pale kwa sababu hiyo, na wachoma chokaa wadogo wako pale. Ukitaka gesi, nenda Rungwe, kijiji cha Ikama, ambako kampuni ya TOL inaivuna kaboni dioksaidi moja kwa moja kutoka ardhini chini ya milima ya volkano na kuijaza kwenye mitungi. Kwa maneno mengine, Mungu alishafunga riakta ya kalsiamu Nyanda za Juu Kusini, haina pampu wala regulata, na haijawahi kumpigia mtu simu usiku kwamba inasumbua.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Jumapili ile tulikuwa na sherehe ya kipaimara ya binti wa jirani. Wali umepakuliwa, kwaya inapanga sauti, mchungaji amefunga macho kuombea chakula. Simu ya mpwa wangu ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye simu ya mtu mwenye akili timamu. Akaisoma, akabadilika sura, akatoka nje mbio. Kwetu bondeni mtandao unaingia kwa kubahatisha. Ukitaka kuongea kwa uhakika unapanda kile kilima cha nyuma ya shule. Nilimwona akipanda na suti yake, viatu mkononi.

Kumbe riakta ya Hamburg inaongea. Imeunganishwa na intaneti, na ilikuwa imemtumia ujumbe kwamba pH ndani ya bomba imeporomoka hadi 6.1 na inaendelea kushuka. Mtungi ulikuwa unakaribia kwisha, na regulata za bei ndogo, gesi ikikaribia kwisha, zinaachia mkondo: badala ya viputo vya kuhesabika inakuja mvumo. Mawe ndani ya bomba yanageuka uji, uji unaziba bomba, na gesi iliyozidi inaingia kwenye tangi lenyewe, ambako pH inapaswa kuwa 8 na kidogo.

Ufunguo wa nyumba alikuwa amemwachia jirani yake, bibi wa Kijerumani mstaafu. Nilipofika kilimani nikihema, nikamkuta mpwa wangu anapaza sauti kwa Kijerumani huku anazungusha vidole hewani kufunga koki isiyokuwepo. Bibi akaipata koki. Akafunga. Kisha, kwa moyo wa huruma, akapendekeza aende jikoni kwake achukue magadi ya kuokea keki ayamwage kwenye tangi, maana alisoma mahali kwamba yanapandisha pH.

Sijui Kijerumani, lakini neno "hapana" lililotoka pale kilimani lilisikika mpaka Ilembula.

"Asiguse kitu kingine," akanieleza kwa Kiswahili baada ya kutulia. "Ukishafunga gesi, maji yatajirekebisha yenyewe, gesi itatoka hewani. Akimwaga magadi sasa hivi, kesho alkalini itakuwa juu mno, na hatutajua ni nini kimesababisha nini."

Tangu siku hiyo likizo ikahamia kilimani. Asubuhi anapanda, jioni anapanda. Bibi alishabadilisha mtungi, na sasa ilibidi riakta isetiwe upya, kwa simu, kutoka Mdandu. Mimi nilikuwa namsindikiza kwa sababu dada yangu aliniomba nimchunge, asije akaanguka. Ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo sitaifanya kamwe.

Kwanza, riakta haipandishi maji yaliyoshuka. Inayashikilia pale yalipo. Kama alkalini imeanguka, unaipandisha kwanza kwa dawa, taratibu, kisha unaiwekea riakta kazi ya kulinda. Pili, kuna mikono miwili ya kuchezea: kasi ya matone yanayotoka na wingi wa viputo vinavyoingia. Unashika mmoja. Matone unayaacha yalivyo, unapunguza viputo, au kinyume chake. Ukigusa yote kwa pamoja umejiingizia giza. Tatu, ukishagusa, unasubiri kesho. Unapima alkalini saa ile ile, kwa kipimo kile kile, unaandika. Imepanda? Punguza kiputo. Imeshuka? Ongeza. Imekaa? Ondoa mkono, nenda kazini. pH ya bomba ikizidi 7, mawe yanakutazama tu, hayayeyuki. Ikishuka sana, uji. Katikati hapo ndipo riziki ilipo, na kuipata katikati hiyo kunachukua wiki, si mchana mmoja.

Wiki! Na mimi nimesimama kwenye upepo wa kilimani bila koti.

Sasa, watoto wa shule wana masikio. Walimsikia akinitafsiria: "Matone yakizidi ni hatari." "Gesi tumeipunguza, tuone kama ataamka salama." Alikuwa anamzungumzia samaki wa rangi ya chungwa. Wote wanajua yeye ni muuguzi. Habari ikashuka bondeni kwamba mtoto wa Mdandu anamtibu mgonjwa mahututi wa Hamburg kwa simu, yuko kwenye dripu na oksijeni. Ibada ya Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, baada ya michango ya bati, mzee wa kanisa akatuomba tusimame tumwombee mgonjwa wa Ujerumani. Tukasimama. Mpwa wangu akanitazama, mimi nikafumba macho. Baadaye mama mmoja akamletea kuku wa kumpelekea mgonjwa. Kuku tulimla, na tangi likapona, kwa hiyo sioni nani amedhulumiwa.

Siku moja, wakati anasubiri kesho ya Hamburg ifike, alichoka kukaa bure akashuka na kiboksi kile bwawani kwangu. Akachota maji, akayatia kwenye kichupa, akaanza kudondosha dawa ya alkalini. Kipimo kile kinafanya kazi hivi: tone la kwanza maji yanakuwa ya buluu, unaendelea kuhesabu matone mpaka yageuke manjano, na kila tone ni digrii moja. Digrii zenyewe ni za Kijerumani, hata ugumu wa maji wana wa kwao. Moja ni sawa na karibu miligramu 18 za chokaa kwa lita. Maji ya bahari yana kama 7. Tangi lake analishikilia kwenye 8. Maji yangu yalipata tone la kwanza yakawa manjano pale pale. Hayakupitia hata kwenye buluu.

"Mjomba," akasema, na safari hii hakunipongeza, "hili bwawa umejaza maji ya mvua."

Yalikuwa maji ya kijito, lakini nilimwelewa. Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua miaka na miaka, chokaa yake imekwenda zake, imebaki tindikali. Samadi niliyomwaga haikuwa na kosa. Fosforasi yake ilikamatwa na tope lenye tindikali, na vijimea vya kijani vikakosa hata kaboni ya kujengea miili. Bwana samaki wa wilaya nilipompigia akasema yale yale kwa ufupi zaidi: bwawa halijawekewa chokaa, samadi ni kazi bure. Alikadiria gunia la kilo 50 kwa bwawa langu kwa kuanzia, chokaa ya shamba, yaani jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, litawanywe lote sawasawa, kisha nikae kama wiki mbili kabla ya kurudisha samadi. Alkalini ikifika miligramu 40 kwa lita, nitaanza kuitwa mfugaji.

Kazi ya kununua ndiyo iliyonitoa jasho. Nikapanda gari mpaka Makambako, mji ambao treni ya TAZARA na barabara ya Songea vyote vinapita, mji ambao ukitaka tairi la lori saa nane usiku utalipata. Nikaomba chokaa ya bwawa la samaki. Kijana wa duka moja akanitolea mfuko wa chokaa ya kupakia ukuta.

"Hii ni ya ukuta," nikamwambia.

"Chokaa ni chokaa, mzee. Inakuwa nyeupe tu."

Kuna jirani yangu wa upande wa pili wa bonde aliyemwamini muuzaji wa namna hiyo. Chokaa ya ukuta imeshapita kwenye moto. Ni kali, inapandisha pH ya maji mpaka inaunguza mashavu ya samaki. Chokaa iliyosagwa bila kuchomwa ni mpole: hata ukizidisha, pH haiendi mbali kupita 8. Yeye alimwaga mfuko mzima asubuhi, samaki wakiwa ndani. Kufikia mchana wote walikuwa juu, tumbo angani. Mpaka leo anamshuku mke wa kaka yake, na hamsalimii. Nimejaribu kumweleza habari ya pH, ananijibu kwamba yeye alipima kwa karatasi, ikaonyesha 9, na shemeji yake bado ni mchawi.

Na hata hiyo 9, ukimuuliza amepima saa ngapi, anasema saa tisa alasiri. Mchana jua linapowaka vijimea vya kijani vinavuta kaboni dioksaidi kutoka majini na pH inapanda yenyewe. Alfajiri inakuwa imeshuka. Bwawa lisilo na alkalini linayumba hivyo kila siku kupita kiasi. Watu wawili wanaweza kupima bwawa moja siku moja, mmoja alfajiri na mwingine alasiri, wakapigana, na wote wakawa wakweli. Mimi sasa napima saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi, na nadhani msomaji ameshajua nimevaa nini.

Chokaa ya shamba niliipata hatimaye kwa kuagiza kupitia bwana shamba. Mpwa wangu akanisaidia kuitawanya siku mbili kabla hajaondoka, na akataka nianze na nusu gunia, nipime, nisubiri, niandike kwenye daftari. Nilimwambia hapa si Hamburg. Akasema maji hayajui hilo. Nikaanza na nusu gunia.

Hesabu zangu ziko ukutani jikoni, pale kwenye msumari wa koti. Alkalini iligoma, ikapanda tone moja, nikaongeza ile nusu iliyobaki, ikafika mawili na kitu. Nikairudisha samadi. Leo nikizamisha mkono, vidole vinapotea kabla ya kiwiko. Jumamosi mgeni mmoja alisimama ukingoni akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, bwawa lako limechafuka sana, pole." Nilimkaribisha chai kwa mara ya kwanza.

Perege bado wanakua polepole, maana baridi ni baridi na hakuna chokaa ya kuitibu. Wa Hamburg naye ameandika kwamba alkalini imekaa kwenye 8 tangu arudi, viputo 15 kwa dakika, na kwamba bibi jirani amenunua tangi lake mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Makambako kununua chokaa ya bwawa, beba limau mfukoni. Omba chokaa kidogo kwenye kipande cha karatasi, kamulia matone mawili. Ikitoa mapovu kwa nguvu, ni jiwe lililosagwa, chukua. Mapovu hayo ni gesi ile ile wanayolipia Hamburg. Ikikaa kimya, au ikapata moto, ni ya ukuta, irudishe. Si kipimo cha maabara, na chokaa ya ukuta iliyokaa muda mrefu inaweza kukudanganya, kwa hiyo lebo ikiwepo isome kwanza. Na wenye maduka, nawaombeni: wekeni chokaa ya shamba dukani na muiandike jina lake mfukoni kwa herufi kubwa. Wateja tupo, na gunia tunabeba wenyewe.